Kazi Itakayobaki Shuleni: Mwongozo kwa Timu za Wanafunzi wa Vyuo Zinazotengeneza Programu za Kujifunzia, Usa River na Jirani Zake

Mwongozo huu ni kwa wahadhiri wanaosimamia miradi ya wanafunzi, walimu wakuu wanaozipokea timu hizo shuleni, na wanafunzi waliochaguliwa kuziongoza. Unahusu kazi ya aina moja: wanafunzi wa chuo wanapotengeneza programu ya kujifunzia, ya kishikwambi au ya kompyuta, kwa ajili ya watoto wa shule ya msingi ya jirani. Umeandikwa kwa kuangalia ukanda wa barabara ya Arusha–Moshi, kuanzia Tengeru hadi Maji ya Chai, ambako vyuo na shule za msingi vimekaribiana sana.

Jambo moja linatawala yote yatakayofuata, nalo ni kwamba timu ya wanafunzi haidumu. Ikifika Julai mitihani imekwisha, mmoja amerudi kwao Mwanza, mwingine amepata kazi Dar es Salaam, wa tatu amebadili namba ya simu. Shule inabaki palepale, na kila Januari inapokea darasa la kwanza jipya. Kwa hiyo mgawanyo wa kazi, kumbukumbu, uchaguzi wa vifaa, hata utoaji wa alama chuoni, vyote vipangwe tangu kikao cha kwanza na watu wanaojua kwamba wataondoka. Miradi mingi ya namna hii huonyeshwa vizuri siku ya maonesho ya chuo, kisha muhula unaofuata hakuna mtu pale shuleni anayejua kuiwasha. Mtoto aliyeanza kuizoea hunyang'anywa bila kuelezwa sababu. Tunapaswa kulihesabu hilo kuwa madhara, na kulizuia.

Walichokiacha Tanga

Kabla ya kuandika mstari mmoja wa msimbo, timu isome habari za mashindano ya Global Learning XPRIZE. Yalitangazwa mwaka 2014 yakiwa na fungu la dola milioni 15 za Marekani, na sharti lake lilikuwa gumu: programu imwezeshe mtoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Timu tano zilizofika fainali zilipewa dola milioni 1 kila moja, na programu zao zikaja kujaribiwa Tanzania, kwa Kiswahili, katika vijiji takribani 170 vya Mkoa wa Tanga, kwa miezi 15. Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walishirikiana katika jaribio hilo. Watoto wapatao 2,700 walipewa vishikwambi, na mitambo ya sola ya kuvichaji ikafungwa vijijini. Mwanzoni, asilimia 74 ya watoto hao waliripotiwa kuwa hawajawahi kuhudhuria shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni, idadi ya hao wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 Kitkit School na onebillion zikatangazwa washindi kwa pamoja.

Hesabu hiyo isomwe pande zote mbili. Kupungua kwa nusu ni jambo kubwa kwa watoto ambao hawakuwa na chochote. Lakini wengi walibaki bila kusoma, baada ya mwaka na zaidi, na baada ya fedha ambazo hakuna mradi wa mwanafunzi utakaozipata. Timu ya watu sita isimwahidi mwalimu mkuu kile ambacho hakikupatikana Tanga. Tena mazingira ya hapa ni mengine. Jaribio la Tanga lilimlenga mtoto asiye na mwalimu. Mtoto wa Usa River ana mwalimu, ana ratiba, ana wenzake arobaini na zaidi pembeni yake. Programu inayomruka mwalimu inaukataa msaada mkubwa kuliko wote uliomo darasani.

Mmoja wa waliofika fainali ni mfano wa karibu kwetu. RoboTutor ilitoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, chini ya Profesa Jack Mostow, aliyekuwa ametumia miaka mingi kutengeneza programu inayomsikiliza mtoto akisoma kwa sauti. Wanafunzi walikuwa sehemu ya timu hiyo. Haikushinda, lakini kazi yake haikupotea, kwa sababu masharti ya mashindano yaliwataka wote watano kuweka msimbo na maudhui yao wazi kwa umma. Hii ina maana kwamba mwanafunzi wa Tengeru leo anaweza kuchukua kazi ya Kiswahili iliyokwisha kupita mikononi mwa watoto wa Kitanzania, akairekebisha kwa shule moja ya hapa. Kuna pia Kolibri, mfumo wa kutunza na kugawa masomo bila intaneti, na kuna katuni za Kiswahili za Ubongo, shirika la Dar es Salaam lililoanza kurusha Ubongo Kids mwaka 2014. Wiki mbili za kwanza zitumike kuvipitia vitu hivi na kuandika ni kipi kinakosekana katika shule mliyoichagua. Mara nyingi timu itagundua kwamba haihitaji kuanza upya, na muhula mzima utakuwa umeokolewa.

Nani awe kwenye timu

Kosa la kawaida ni timu kujaa waandishi wa msimbo watupu. Watatengeneza kitu kinachofanya kazi vizuri na kinachofundisha vibaya. Ukanda huu una kila mtu anayehitajika, na haisi moja inawapitia karibu wote. Taasisi ya Nelson Mandela, jirani na Tengeru, ina wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa kompyuta na mawasiliano. Chuo cha Ualimu Patandi kinafundisha walimu wa elimu maalumu. Chuo kikuu cha Makumira kina wanafunzi wa ualimu na masomo ya muziki, na programu ya mtoto mdogo inategemea sauti kuliko maandishi. Chuo Kikuu cha Arusha kiko hapohapo Usa River, nacho kinafundisha ualimu. Mjini kuna Chuo cha Ufundi Arusha, na Njiro kuna Chuo cha Uhasibu chenye masomo ya kompyuta.

Timu nzuri ya watu sita hivi iwe na waandishi wa msimbo wawili, wanafunzi wa ualimu wawili, mtu wa sauti na picha, na mtunza kumbukumbu. Wasimamizi wa vyuo viwili wakubaliane kwa maandishi jinsi kazi hiyo moja itakavyohesabiwa katika kila chuo, la sivyo wa chuo kimoja watafanya kazi kwa alama na wa chuo kingine kwa hisani, na hisani huisha wiki ya mitihani. Siku za vikao nazo ziangaliwe mapema. Chuo Kikuu cha Arusha ni cha Waadventista Wasabato, kwa hiyo kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jua likizama wanachama wengi kutoka huko hawatafanya kazi. Chuo cha Makumira ni cha Walutheri na Jumapili asubuhi ni ya ibada. Jumatano alasiri huwafaa wengi. Jambo hili laonekana dogo, lakini timu inayopanga kila kikao Jumamosi imekwisha kuwatoa watu fulani bila kusema.

Mwalimu wa darasa la kwanza au la pili wa shule husika awe mwanachama kamili, jina lake likiwa kwenye orodha na kwenye kazi yenyewe itakapokamilika. Asiitwe chuoni, timu imfuate shuleni baada ya vipindi, na imrudishie nauli au vocha atakayotumia kwa ajili ya kazi hiyo. Apewe neno la mwisho juu ya maneno yanayotumika, mfuatano wa masomo na muda wa kila zoezi. Waandishi wa msimbo wawe na neno la mwisho juu ya vifaa na mfumo. Mipaka hiyo ikiandikwa mapema, mabishano mengi hayatatokea. Heshima ina namna yake ya kufunga midomo: mwalimu mwenye miaka ishirini kazini hapendi kumwambia kijana wa uzamili kwamba amekosea, na mwanafunzi wa stashahada hapendi kumpinga wa uzamili. Kiongozi wa timu awe na desturi ya kumuuliza kila mtu kwa jina, akianza na mdogo, kabla yeye hajatoa maoni. Mwalimu aulizwe faragha pia: «Mwalimu, hapa darasa lako litatushinda wapi?» Swali la namna hiyo hufungua mengi kuliko «Umeipendaje programu?»

Na msichana aliye peke yake katika timu asigeuzwe karani. Kazi ya kuandika kumbukumbu ipokezanwe kila mwezi.

Maamuzi yaandikwe kwenye kauntabuku moja linalokaa shuleni au kwa msimamizi: tarehe, kilichoamuliwa, sababu, na nani alikuwepo. Grupu la WhatsApp ni la kuitana kwenye kikao. Halitoshi kuwa kumbukumbu, kwa sababu mtu akipoteza simu sehemu ya historia ya timu hupotea naye. Sababu za uamuzi ndizo zenye thamani kuliko uamuzi wenyewe. Timu ya mwakani itakapokuta herufi fulani zimeandikwa kubwa mno, itataka kujua kama ni uzembe au ni kwa ajili ya mtoto mwenye uoni hafifu anayekaa dawati la mbele.

Msimamizi ana nguvu moja ambayo haitumiki inavyopaswa, nayo ni alama. Sehemu ya alama za mradi itokane na jaribio hili: mwanafunzi asiye wa timu apewe maelekezo yaliyoandikwa na timu, aende nayo shuleni, asimike programu kwenye kishikwambi kisicho na kitu na kuiwasha pasipo kumpigia mtu simu. Akishindwa, timu nzima ipoteze alama hizo. Timu zikijua hivyo tangu Novemba, maelekezo yataandikwa kwa uangalifu.

Ruhusa na kalenda

Wilaya ya Arumeru ina halmashauri mbili, ya Meru na ya Arusha. Usa River, Tengeru, Maji ya Chai, King'ori na Ngarenanyuki ziko Halmashauri ya Wilaya ya Meru, ambayo makao yake yako Usa River. Barua ya chuo iende kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, kupitia kwake ifike idara ya elimu ya awali na msingi, kisha kwa Afisa Elimu Kata na mwalimu mkuu. Kazi ikiwa ni utafiti wa shahada, barua ianzie kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Msiende kwa mwalimu mkuu kwanza kwa sababu mnafahamiana. Mnamweka mahali pabaya mbele ya wakubwa wake. Baada ya ruhusa, kamati ya shule ielezwe kwa Kiswahili cha kawaida kitakachofanyika, kwa muda gani, na nini kitabaki.

Kalenda ya chuo na ya shule hazilingani. Chuo huanza Oktoba au Novemba na kumaliza Julai. Shule ya msingi huanza Januari na kufunga mwaka mapema Desemba. Novemba na Desemba ni miezi ya kupanga, kupitia kazi za wengine na kufuata vibali. Januari mwacheni mwalimu wa darasa la kwanza apokee watoto wake. Ana watoto wanaolia, na wengine hawajawahi kushika penseli. Jaribio la kwanza lifanyike Februari. Septemba kuna mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, na baadaye upimaji wa darasa la nne. Wiki hizo shule isisumbuliwe. Wanafunzi wa ualimu wanapokwenda mazoezi ya kufundisha, mmoja wao akipangiwa shule hiyohiyo, timu itapata jicho linaloona darasa kila siku. Msimamizi alifuatilie hilo mapema na ofisi inayopanga mazoezi.

Somo lenyewe

Hapa ndipo timu nyingi huharibikiwa bila kujua, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Programu ifuate azimio la kazi la mwalimu. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, na Taasisi ya Elimu Tanzania ndiyo yenye dhamana nao. Anzeni na kitabu ambacho mwalimu anakitumia wiki hii, muulizeni atafika wapi Machi, na mjenge kuelekea hapo. Kitu kitakachotaka kutumika rasmi shuleni zaidi ya majaribio kina utaratibu wake wa ithibati. Idara ya elimu ya halmashauri iulizwe kabla ya programu kusambazwa shule ya pili.

Katika kusoma kwa mwanzo, watoto hufundishwa sauti za herufi. Mwandishi wa msimbo aliyerekodi majina ya herufi kwa namna ya Kiingereza atamfundisha mtoto jambo ambalo mwalimu atatumia wiki kadhaa kulifuta. Sauti zirekodiwe na mtu anayefundisha darasa la kwanza, mahali patulivu, na mwanafunzi wa muziki asimamie mashine. Mtoto wa hapa anaweza kuwa anazungumza Kimeru nyumbani, au Kimaasai, au Kichaga, na Kiswahili chake ni cha sokoni na cha michezoni. Asisahihishwe na mashine kwa lafudhi yake. Programu inayosikiliza sauti, kama itatumika, ipimwe kwa sauti za watoto wa eneo hili na si za wanafunzi wa chuo.

Kukata silabi ni mtego mwingine. Mtu atatunga kanuni rahisi kwamba kila silabi ya Kiswahili huishia na irabu, na kompyuta itaitii. Kisha inafika kwenye «mtu», ambalo ni m-tu, na m imesimama peke yake. «Nchi» ni n-chi, lakini «njia» ni nji-a. «Mbu» ni m-bu, ila «mbuzi» ni mbu-zi, ingawa yanaanza na herufi zilezile. Hakuna kanuni fupi itakayoyashika yote. Timu itengeneze orodha ya maneno ya darasa la kwanza na la pili, na mwalimu ayakate kwa mkono wake. Maneno mia chache yanatosha. Tena angalieni ng'. Kibodi moja huweka alama ya ritifaa iliyonyooka, nyingine iliyopinda, na kompyuta huziona kuwa vitu viwili tofauti. Mtoto ameandika «ng'ombe» sawasawa, programu inamwambia amekosa. Hajui kwamba kosa ni la mashine. Anaamini kosa ni lake. Msimbo uzikubali alama zote, na jambo hilo lipimwe kabla ya siku ya kwanza darasani.

Katika hesabu, tatizo kubwa ni saa. Programu zilizotengenezwa nje na kutafsiriwa juujuu huonyesha mshale mfupi kwenye saba na kusema «saa saba». Mtoto anajua kwamba kengele ya asubuhi hulia karibu saa moja. Akiamini mashine, amepotezwa. Akimwamini mama yake, amepata kosa. Mifano ya vipimo na fedha nayo ichukuliwe kutoka gulio la Tengeru: sado ya maharage, mkungu wa ndizi, noti ya shilingi 1,000 na chenji yake. Muwe waangalifu tu kwamba mifano isimwaibishe mtoto wa nyumba isiyo na kitu. Zoezi linalouliza «kwenu mna magari mangapi» halina kazi katika hesabu ya kujumlisha.

Kuhusu watoto wenye ulemavu, timu isisubiri mwisho. Mwanafunzi mmoja wa Patandi akiitwa kwenye kikao cha pili ataonyesha mambo ambayo hayagharimu chochote yakifanywa mapema: herufi kubwa, rangi zinazotofautiana vya kutosha, maelekezo ya sauti yanayoambatana na picha ili mtoto kiziwi asiachwe.

Kuijaribu mbele ya watoto

Darasa la Kitanzania likiulizwa «Mmeelewa?» hujibu «Ndiyooo!» kwa pamoja. Ni adabu njema, na haimwambii mtafiti kitu. Timu isiulize swali hilo kabisa. Mpe mtoto kazi moja fupi, kaa pembeni, nyamaza, uandike: kidole kilienda wapi kwanza? Aligusa mara ngapi kabla kitu hakijatokea? Alimtazama mtu mzima lini? Kutazama kule ndiko kunakoonyesha mahali programu ilipomtupa. Mtengenezaji ataona uchungu na atataka kumwonyesha. Asimwonyeshe, na mkono wake usiushike mkono wa mtoto. Ni vizuri zaidi aliyeandika msimbo asiwe ndiye anayekaa na mtoto siku ya kwanza.

Mtoto asiambiwe kwamba anapimwa. Aambiwe ukweli: «Tumetengeneza kitu, tunataka utusaidie kuona palipoharibika.» Watoto wakielewa kwamba kosa wanalolitafuta ni la watu wazima, huzungumza.

Kishikwambi kimoja kikiwekwa mbele ya watoto sita, kitashikwa na mwenye nguvu, naye mara nyingi ndiye anayejua kusoma tayari. Wale ambao programu ilitengenezwa kwa ajili yao watabaki wakichungulia begani. Kwa hiyo utaratibu wa kushika ni sehemu ya programu yenyewe. Watoto watatu kwa kishikwambi ni kiasi kinachovumilika: mmoja anagusa, mmoja anasema jibu, mmoja anaandika kwenye daftari, na programu yenyewe iseme kwa sauti lini wabadilishane. Hesabuni pia muda. Kipindi cha darasa la kwanza na la pili kwa kawaida ni dakika 30. Kugawa vifaa na kuvikusanya kutachukua karibu dakika kumi kama watoto ni wengi, kwa hiyo zoezi lisizidi dakika kumi na tano. Mwalimu hana dakika nyingine za kuwapa.

Wanafunzi wa chuo wafanye kazi na watoto mahali ambapo mwalimu anaonekana, mlango wazi, siku zote. Hakuna sababu ya kitaaluma inayoruhusu mtu kukaa na mtoto peke yake kwenye chumba kilichofungwa.

Taarifa za watoto ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Wajibu wa kujisajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni wa chuo, msimamizi aulizie ofisi ya sheria. Katika programu, mtoto awe na namba na picha ya mnyama, si jina lake. Orodha inayounganisha namba na majina ikae kwa mwalimu, kwenye karatasi, kabatini. Mzazi asaini ridhaa aliyoielewa, na asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi. Picha za watoto wakiwa na vishikwambi zisitumwe mitandaoni kwa sababu tu zinapendeza.

Umeme na vifaa

Kwanza ulizeni kilichopo. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa walimu nchini. Programu inayofanya kazi kwenye kishikwambi cha mwalimu haitegemei mfadhili, na ikiharibika kuna mtu mwenye sababu ya kukitengeneza. Ila kile ni kifaa cha kazi alichokabidhiwa yeye. Aombwe, asilazimishwe, na timu isibadili chochote ndani yake bila idhini.

Vikinunuliwa vipya, fanyeni hesabu ya umeme mapema. Kishikwambi chenye betri ya mAh 7,000 kwa volti 3.7 hubeba kama wati-saa 26. Kumi ni 260, na ukiongeza upotevu wakati wa kuchaji, kama 350. Paneli ya wati 100 ikipata jua kamili la saa tano hutoa wati-saa 500 kwenye karatasi. Vumbi, joto na betri huzishusha karibu na 350 hizo. Inatosha kwa kubanabana. Lakini kuanzia Juni hadi Agosti upande wa kusini wa Mlima Meru huamka na mawingu, wakati mwingine hadi mchana, na paneli iliyotosha Februari haitatosha Julai. Ngarenanyuki, upande mkavu wa mlima, hesabu ni nyingine. Shule yenye umeme wa TANESCO iulizwe Luku hununuliwa kwa fungu gani, na ongezeko la matumizi liandikwe kwenye bajeti ya mradi. Na programu ifanye kazi yake yote bila intaneti. Bando la mwanafunzi likiondoka naye, masomo yasiondoke.

Makabidhiano

Makabidhiano yaanze Mei, siyo Julai. Walimu wawili wa shule, si mmoja, wafundishwe kuwasha, kuchaji, kusimika upya na kusoma matokeo, kwa sababu mwalimu anaweza kuhamishwa wakati wowote. Wafanye wenyewe wiki mbili mfululizo huku timu ikiwa nyuma ya darasa imekaa kimya. Kila swali watakalouliza liingizwe kwenye maelekezo, na maelekezo hayo yachapwe kwenye karatasi, kwa Kiswahili, yakiwa na picha. Faili pekee halitasaidia siku ambayo kifaa chenyewe ndicho kimezima.

Msimbo wote, rekodi za sauti na picha viwekwe mahali penye akaunti ya chuo. Akaunti ya mwanafunzi binafsi haifai, hata kama ndiye aliyefanya kazi kubwa. Nywila ziandikwe na zifungwe kwenye bahasha mbili, moja kwa mkuu wa idara na moja kwa mwalimu mkuu. Leseni iwe huria kama walivyofanya wa Tanga, na majina ya wote walioshiriki, mwalimu akiwemo, yatajwe. Vifaa viingizwe kwenye leja ya mali ya shule kwa namba zake, vikisainiwa na pande zote. Chuo kitaje ofisi, wala si mtu, ambayo shule itaipigia kukiwa na hitilafu, na msimamizi apange ziara moja mwezi Februari unaofuata, darasa la kwanza jipya likiwa limetulia.

Ikionekana mapema kwamba hakuna timu itakayoendeleza, na programu haiwezi kusimama bila watu, mwalimu mkuu aambiwe kwa barua kabla ya likizo ya Juni, ili aweze kupanga vipindi vyake vya Julai bila hiyo. Taarifa za watoto zilizomo zifutwe mbele yake. Rekodi za sauti, kadi za picha na orodha ya maneno yaliyokatwa silabi vichapwe au viwekwe kwenye flashi na kuachwa, kwani mwalimu anaweza kuvitumia hata ubaoni. Nakala ya barua hiyo apelekewe Afisa Elimu Kata, na nyingine ibandikwe ndani ya kauntabuku la timu, ambalo nalo libaki shuleni.